Sukari na figo: maswali tunayoulizwa kila siku famasi hapa Moshi

Nauza dawa hapa Moshi mjini na wateja wa sukari ni wengi kweli, maswali ya figo ni yale yale kila wiki, ya wazee wa Pasua, ya akina mama wanaoshuka kutoka Machame na Marangu siku ya kliniki, na sa hivi hata ya vijana wa Arusha wanaouliza kwa simu kwa niaba ya wazazi. Nimeyakusanya hapa. Dozi yako anaijua dokta wako, usiache wala kuongeza dawa kwa sababu umesoma huku.

Nina sukari miaka mingi lakini kiuno hakiniumi. Si ina maana figo ziko sawa?

Haina maana hiyo. Figo inayoharibiwa na sukari haiumi kabisa, yani mtu anaweza akapoteza zaidi ya nusu ya kazi ya figo huku anaenda shamba, anaimba kwaya, anakula vizuri. Maumivu ya kiuno ambayo watu wanayaita figo mara nyingi ni mgongo tu.

Kinachotokea ni hivi. Kila figo ina vichujio vidogo sana, karibu milioni moja, na sukari ikikaa juu miaka na presha nayo ikisukuma, vichujio vinaharibika na kuanza kupitisha protini inayoitwa albumini iende kwenye mkojo, kama kitambaa cha kuchujia mbege kilichochakaa, unaona machicha yanapita tu. Hapo hujisikii chochote. Miguu kuvimba, kichefuchefu, kuchoka, mwili kuwasha, hayo yanakuja mwishoni. Mkojo wenye povu jingi lisiloisha ni dalili ya kuiwahi ukiiona, ila wengi hata povu hawalioni.

Kuna utafiti ulifanyika mkoani kwetu Kilimanjaro ukachapishwa 2015, walipita majumbani kupima watu wazima, wakakuta karibu 7 kati ya 100 wana ugonjwa wa figo, mjini wengi kuliko vijijini, na kati ya waliokuwa nao aliyejua kwamba anao ni kama mmoja kwa kumi. Mmoja tu!

Sasa nipime nini? Kliniki wananitoboa kidole tu.

Vipimo viwili, na uvitaje kwa jina. Cha kwanza ni kreatinini kwenye damu (taka ambayo figo zinatakiwa kuitoa), maabara wanaigeuza kuwa namba inayoitwa eGFR ambayo ndo inaonyesha figo zinachuja kiasi gani. Ya 90 kwenda juu ni nzuri, chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi huo ni ugonjwa wa figo hata kama unajisikia poa, chini ya 30 imefika pabaya, chini ya 15 figo zimeshindwa.

Cha pili ni cha mkojo, ACR, kinalinganisha albumini na kreatinini. Chini ya 30 (miligramu kwa gramu) ni kawaida, 30 mpaka 300 vichujio vimeanza kuvuja, juu ya 300 vinavuja sana. Hiki ndo kinasahaulika na ndo kinachowahi, maana mkojo unaweza ukaanza kuvuja miaka kabla eGFR haijashuka, kwa hiyo mtu mwenye kreatinini nzuri akiambiwa "figo zako safi" bila kupima mkojo amepewa nusu ya jibu. Kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo kinasaidia ila kinakosa uvujaji mdogo wa mwanzoni.

Aina ya pili ya kisukari unaanza kupima siku ile ile umegundulika, aina ya kwanza miaka mitano baada ya kugundulika, alafu kila mwaka. Ikiwa juu rudia, usihukumu kwa kipimo kimoja, na mkojo wa asubuhi wa kwanza ndo mzuri. Usipime ukiwa na homa au UTI, au umetoka kufanya kazi nzito. Mabaunsa na wapagazi wa mlimani nawaambia kabisa, usije kupima albumini siku umeshuka Mweka, itakuwa juu bure.

Na kitu kingine, fomula za zamani za eGFR zilikuwa zinamwongezea mtu mweusi namba, moja inayotumika sana iliongeza karibu asilimia 16, kwa hiyo figo inaonekana nzima kuliko ilivyo. Mwaka 2021 Marekani walitoa fomula isiyoangalia rangi. Kama karatasi yako ina mistari miwili, mmoja wa weusi na mmoja wa wengine, muulize dokta anasoma upi.

Presha yangu ni nzuri, mbona nimeandikiwa losartani? Wamechanganya faili?

Hawajachanganya. Hili swali tunalipata mpaka basi, na kuna watu wanarudisha vidonge nyumbani vinakaa kabatini kwa sababu kwenye boksi pameandikwa dawa ya presha.

Ukiwa na sukari na mkojo unavuja albumini, losartani na ndugu zake (na lile kundi la kaptoprili, enalaprili, lisinoprili) ni dawa za figo. Kila kichujio kina mshipa wa kuingiza damu na mshipa wa kuitoa. Kwenye sukari ule wa kutoa unabana, presha ndani ya kichujio inapanda hata kama presha ya mkononi ni ya kawaida, na hiyo ndo inayokitoboa. Losartani inalegeza mshipa wa kutokea, presha ya ndani inashuka, albumini inapungua. Sio kitu cha juzi, kaptoprili ilithibitishwa mwaka 1993 kwa watu wa kisukari cha aina ya kwanza, losartani na irbesartani mwaka 2001 kwa aina ya pili. Na ni bei rahisi, vidonge vya mwezi mzima vya losartani ya kawaida havimshindi mtu wa kipato cha kati.

Ninachokiona mimi ni dozi. Mtu anaanzishwa miligramu 25 au 50 anakaa nayo miaka sita hakuna aliyeigusa, wakati ule utafiti wa 2001 watu walipandishwa mpaka 100 walipovumilia. Faida ya figo inaenda na dozi. Kliniki muulize dokta, "dozi yangu inaweza kupanda?" Ni swali la sekunde tano.

Wanawake wanaoweza kushika mimba: haya makundi mawili yanamdhuru mtoto tumboni. Ukipanga kubeba mimba au ukikosa siku zako ongea na dokta mapema.

Nilipoanza dawa kreatinini ikapanda. Jirani yangu muuguzi kaniambia niache.

Usiache kwanza. Dawa ikishusha presha ndani ya kichujio ni lazima uchujaji ushuke kidogo mwanzoni, hiyo inategemewa. Wataalamu wanakubali kreatinini ipande mpaka asilimia 30 ndani ya wiki nne za kuanza au kupandisha dozi. Ilikuwa 100 ikawa 120, endelea na upime tena. Ilikuwa 100 ikawa 150, hapo dokta anatafuta sababu, labda uliharisha, labda unameza diklofenaki, labda mishipa ya figo imeziba. Ndo maana wanakwambia urudi kupima kreatinini na potasiamu (madini ya kwenye damu ambayo yakizidi yanasumbua moyo) baada ya wiki 2 mpaka 4, na ile safari ya kurudi ndo watu wanaikacha kwa sababu ya nauli.

Kiukweli wanaoumia zaidi ni hawa walioachishwa dawa nzuri kwa sababu ya namba moja iliyopanda kidogo.

Nina kaptoprili ya hospitali ya mwanzo na losartani ya hospitali ya pili, nameza zote.

Chagua moja, yani dokta akuchagulie moja, wiki hii. Watu walidhani mbili zikiungana zitalinda mara mbili, utafiti mkubwa wa 2008 na mwingine wa 2013 ukaonyesha potasiamu inapanda na figo zinapata mshtuko bila faida ya maana. Beba vidonge vyote kwenye mfuko ukienda kliniki, hata vya kienyeji.

Kaptoprili inanikohoza.

Kikohozi kikavu ni chake, cha enalaprili na lisinoprili pia. Unabadilishiwa losartani kinaisha. Ila midomo, ulimi au uso ukivimba ghafla, hiyo nenda hospitali saa hiyo hiyo na usiiguse tena hiyo dawa, inatokea mara chache lakini kwa sisi weusi inatokea zaidi.

Hizi dawa mpya zinazoishia na "gliflozini" zina nini cha ajabu?

Hapa ndo mambo yamebadilika kweli. Dapagliflozini, empagliflozini, kanagliflozini. Zilitengenezwa kushusha sukari kwa kuifanya itoke na mkojo, kumbe kazi yake kubwa ni figo na moyo. Losartani inalegeza mshipa wa kutokea, hizi zinabana kidogo mshipa wa kuingilia, kwa hiyo presha ndani ya kichujio inashuka kutoka pande zote mbili. Ndo maana zinaongezwa juu ya losartani, haziji kuchukua nafasi yake.

Namba zake: 2019 kanagliflozini ilijaribiwa kwa watu 4,401 wenye kisukari na figo zinazovuja, jaribio likasimamishwa kabla ya muda kwa sababu faida ilishaonekana, hatari ya figo kufa na matatizo yanayoambatana ikapungua kwa asilimia 30. Mwaka 2020 dapagliflozini kwa watu 4,304, theluthi mbili wana sukari na waliobaki hawana. Kwa muda wa miaka miwili na zaidi kidogo, waliopewa kidonge kisicho na dawa, karibu 15 kati ya 100 figo zilishuka kwa nusu au zikafa au wakafariki kwa figo au moyo. Waliopewa dapagliflozini walikuwa 9. Sio muujiza, watu bado walipungukiwa figo, ila 15 kuwa 9 kwa kidonge kimoja kwa siku mi nachukua.

Zinaanzishwa eGFR ikiwa 20 na kuendelea. Ikiwa imeshuka sana nguvu yake ya kushusha sukari inakuwa ndogo, kwa hiyo usishangae kuona glukometa haijabadilika, kulinda figo kunaendelea. Na zenyewe eGFR inashuka kidogo wiki za mwanzo kama losartani, usikimbie.

Madhara yake?

Mkojo una sukari kwa hiyo fangasi sehemu za siri wanapenda, wanawake zaidi na wanaume wasiotahiriwa. Osha kwa maji, kausha, ikitokea inatibika, na sioni kama ni sababu ya kuacha dawa ila watu wanaona aibu kusema wanaacha kimya kimya. Unakojoa zaidi, kwa hiyo ukiwa na dawa nyingine ya kukojoa kizunguzungu kinaweza kuja.

Kubwa ni hili. Ukiumwa ukashindwa kula, ukatapika, ukaharisha, simamisha gliflozini mpaka ule na unywe vizuri, maana damu inaweza kujaa asidi hata kama sukari kwenye mashine inasoma 9 au 10 na kila mtu anasema sukari iko sawa. Kutapika, tumbo kuuma, kuhema haraka, wahi na sema wazi kwamba unatumia dawa hii. Kabla ya operesheni kubwa inaachwa kama siku tatu. Siku hizo za kuharisha na kutapika metformini, losartani na dawa za kukojoa nazo kwa kawaida zinasimamishwa kwa muda, muulize dokta mapema akuandikie kwenye daftari zipi na lini unarudia. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza asijianzishie gliflozini. Insulini usiiache kabisa.

Sukari yangu imeanza kushuka yenyewe, nimepunguza insulini nusu. Nimepona?

Mzee mmoja alinunulia watu soda kwa hili. Naombeni mnisikilize: sukari ya miaka 15 ikianza kushuka yenyewe bila kupungua uzito wala kubadilisha chakula, pima figo kesho. Figo ndo zinazosaidia kuondoa insulini mwilini, zikichoka insulini inakaa muda mrefu, kwa hiyo uniti zile zile zinakushusha zaidi. Mwenyewe unafurahi, kanisani umetoa ushuhuda, kumbe ni figo zinaaga.

Wanaomeza glibenklamaidi ndo wa kuogopewa zaidi, inabaki mwilini figo zikishindwa na sukari inashuka usiku mtu hajui. Figo zikipungua madokta wengi wanahamishia kwenye gliklazaidi. Mwenye nyumba ajue: mzee akiamka anaongea ovyo, ametoka jasho, mpime, mpe kitu cha sukari akiweza kumeza, na apelekwe hospitali hata akizinduka maana inaweza kurudi baada ya masaa.

Metformini inaua figo?

Haiui. Hii imekaa vichwani mwa watu sijui nani aliianzisha. Shida iko kinyume, figo zikishakufa metformini inarundikana, kwa hiyo eGFR chini ya 45 dozi inapunguzwa na chini ya 30 inaachwa. Mtu anasikia "dokta kaiacha kwa sababu ya figo" anasambaza mtaa mzima kwamba ndo iliyoharibu.

Magoti yananiuma, naweza kuendelea na diklofenaki?

Hapana, na ibuprofeni hapana, na meloksikamu hapana, na zile sacheti za mchanganyiko zinazouzwa stendi bila jina ndo hapana kabisa. Dawa hizi zinabana damu inayoingia kwenye figo. Ukiwa na losartani, dawa ya kukojoa na diklofenaki kwa pamoja figo zinaweza kuzima ndani ya siku chache. Parasetamoli ndo ya kwanza. Mi nimeshagombana na wateja kwa hili, mtu anaona namnyima biashara yake.

Mitishamba ya figo je? Mlonge, mwarobaini, zile za Wamasai?

Sidharau mitishamba, hizo gliflozini zenyewe asili yake ni kitu kilichotolewa kwenye gome la mti wa tufaa mwaka 1835. Lakini kutoka gome mpaka kidonge ilichukua zaidi ya miaka 170 ya kujua dozi, nani inamfaa, inamdhuru nani. Ya kwenye chupa ya maji ya Kilimanjaro iliyojazwa sokoni hakuna anayejua ina nini na kiasi gani. Kuna jamii ya mimea inaitwa Aristolokia, miaka ya 1990 mwanzoni iliharibu figo za wanawake wengi Ubelgiji waliokuwa wanatumia vidonge vya asili vya kupunguza uzito, baadhi wakaishia kwenye mashine ya kusafisha damu.

Na hapa kwetu tunakumbuka 2011, foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kikombe cha dawa ya Babu shilingi 500, watu wa sukari walikuwemo. Aliyekunywa kikombe akaendelea na dawa zake sina neno naye, walioumia ni walioacha. Hiyo ndo sheria yangu ya mitishamba: usiache dawa, na ukipimwa figo sema unachokunywa.

Chakula. Niache ndizi?

Hapa watu wanaumizwa na ushauri wa jumla. Ndizi, machalari, mtori, kiburu, vina potasiamu, na figo zilizochoka pamoja na losartani zinaweza kuifanya ipande mpaka moyo ukapiga vibaya. Lakini hilo ni la mtu ambaye potasiamu yake imepimwa ikaonekana juu. Kama yako ni ya kawaida hakuna sababu ya kumnyima Mchaga ndizi, mtu anakonda bure. Ikiwa juu, punguza, kata vipande vidogo, chemsha kwa maji mengi na mwaga yale maji, supu yake usinywe. Na ile chumvi ya supamaketi inayoandikwa ni ya watu wa presha soma pembeni, nyingi imewekwa potasiamu badala ya sodiamu, kwa mtu wa figo ni balaa.

Chumvi ya kawaida ndo adui anayejulikana na hakuna anayemgusa. Chini ya gramu 5 kwa siku, hiyo ni kama kijiko cha chai kisichojaa, kwa vyakula vyote ukijumlisha mkate, mchuzi na viungo vya kwenye pakiti. Chumvi ikiwa nyingi losartani inapungua nguvu. Na magadi! Watu wanaacha chumvi wanajaza magadi kwenye makande ili yaive haraka, magadi ni sodiamu hiyo hiyo. Loweka mahindi na maharage usiku kucha, yataiva.

Nyama: kiasi kinachoshauriwa kwa mwenye ugonjwa wa figo ambaye hajafika kwenye mashine ni gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito, mtu wa kilo 70 ni kama gramu 56. Robo kilo ya nyama mbichi isiyo na mfupa ina karibu gramu 50 peke yake, kwa hiyo nusu kilo ya nyama choma Jumamosi imevuka mpaka hata ugali na maharage havijahesabiwa. Usiiache kabisa pia, wazee wanaisha misuli.

Maji, kunywa kulingana na kiu. Lita tano kwa siku haziziamshi figo, na miguu ikiwa imevimba unajiongezea mzigo.

Maji ya Arusha yenye floraidi ndo yameniua figo?

Ukanda wa Meru floraidi ipo juu kweli, maeneo mengi inapita 1.5 miligramu kwa lita ya Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia tunayaona. Madhara yake yanayojulikana vizuri ni meno na mifupa. Ukiwa na sukari na presha na mkojo unavuja, usiyape maji lawama ukasahau hivyo viwili. Ila figo ndo zinatoa floraidi mwilini, zikichoka inabaki zaidi, kwa hiyo mgonjwa wa figo anayeishi huko atafute maji ya chanzo kizuri ya kunywa na kupikia. Kuchemsha hakuitoi.

Sukari na presha ziwe ngapi?

Presha, wengi wanalengwa chini ya 130/80, na kuna wataalamu wanataka ile ya juu chini ya 120 kama mtu anavumilia bila kizunguzungu. Sukari ya miezi mitatu, HbA1c, kati ya 6.5 na 8 kutegemea umri na hatari ya kushuka, bibi wa miaka 78 anayeishi peke yake usimlazimishe 6.5. Mwenye upungufu mkubwa wa damu kipimo hicho kinadanganya. Pia kuna kidonge cha lehemu, atovastatini, kwa ajili ya moyo, maana wagonjwa wengi wa figo wanaondoka kwa moyo kabla ya figo kufa. Sigara acha.

Nasikia kuna finerenoni na sindano za kupunguza uzito zinalinda figo?

Ni kweli zote mbili. Finerenoni ni kidonge cha watu wenye kisukari cha aina ya pili ambao albumini bado inavuja juu ya losartani, 2020 ilionyesha kupunguza hatari kwa asilimia 18, potasiamu inabidi ipimwe. Mwaka 2025 utafiti ukaonyesha ukiianza pamoja na empagliflozini albumini inashuka zaidi kuliko kila moja peke yake.

Sindano ni semaglutaidi, mara moja kwa wiki. 2024 ilijaribiwa kwa watu 3,533 wenye kisukari cha aina ya pili na ugonjwa wa figo, matatizo makubwa ya figo na vifo vya figo au moyo vikapungua kwa asilimia 24. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani likaingiza dawa za kundi hili kwenye orodha ya dawa muhimu, ila orodhani na shelfuni Moshi ni vitu viwili. Ukiuziwa sindano mtandaoni bila boksi, bila barafu, bila jina la kiwanda, kaa mbali.

Na sio kila dawa mpya inafaulu, bardoksoloni ilipandisha eGFR watu wakashangilia, mwaka 2012 ikasimamishwa kwa sababu moyo ulikuwa unashindwa.

Hela sina za yote hayo. Nianze na lipi?

Haki ya Mungu hili ndo swali la maana. Kwa mawazo yangu: losartani au enalaprili kwa dozi kamili kwanza, kwa sababu ni rahisi na inapatikana. Kupima ACR na kreatinini mara moja kwa mwaka. Chumvi na kuacha diklofenaki ni bure. Alafu ukipata hela ya ziada iende kwenye gliflozini, uliza dapagliflozini ya jenereki ya India, usitaje jina la kampuni ya Ulaya ukapewa bei ya Ulaya. Mwenye kadi ya bima aulize kabla ya kuandikiwa kama ipo kwenye kifurushi chake. Kumeza siku moja uruke moja ili zidumu, hapana, bora uniambie tutafute ya bei ya chini.

Dokta ametaja mashine ya kusafisha damu.

Mara tatu kwa wiki, kama masaa manne kila mara. KCMC wanafanya. Kupandikiza figo nchini kulianza Muhimbili Novemba 2017, halafu Benjamin Mkapa Dodoma 2018. Kama eGFR iko chini ya 30, anza kutunza mkono usioutumia sana, waambie maabara wasichome sindano kwenye mishipa ya mkono huo, siku moja mshipa wake unaweza kuhitajika kwa mashine. Wengi tunawaambia wakati mishipa imeshatobolewa yote.

Baba ana sukari na figo. Mimi nina miaka 34, nipime?

Pima sukari na presha mwaka huu. Sukari ikiwa juu pima na mkojo siku hiyo hiyo, usisubiri miaka. Ukija famasi asubuhi kabla ya chai tunakupima sukari hapo hapo, mkojo wa ACR nitakuelekeza maabara, beba ule wa kwanza wa asubuhi kwenye kikopo safi.